Siku Tisa Nilizonyamaza

Inspekta Naliaka, anayeongoza sasa ofisi ya upelelezi niliyoiacha pale Voi, alinipigia simu mwezi wa pili baada ya mimi kustaafu. "Afande Mwadime, si uwaandikie hawa vijana kitu? Mambo ya kazi tu. Wanajua kompyuta, lakini hawajui kukaa na mtu mpaka aongee." Nikamwambia nitaandika. Hakuniuliza nitaandika nini. Basi vijana, someni. Vyeo sitavitaja, maana mnaviona kila siku kwenye zile picha za ukutani, sote tumekunja sura utadhani tumenyimwa chakula.

Nilifika Voi nikiwa kijana wa milimani, na viatu vipya vilivyonibana. Nilidhani siku ya kwanza nitakabidhiwa bastola. Sajini Kombo, mzee wa ofisi ile, alinipa tepu ya kupimia, kalamu mbili na rundo la bahasha za kaki. "Bunduki ni ya kumtisha mtu aliye hai," akaniambia. "Wateja wetu wengi hawatishiki tena."

Kombo ndiye aliyenifundisha kwamba nguo yenye damu haitiwi kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hutoa jasho na damu huoza kabla haijafika maabara. Tia kwenye kaki, andika tarehe, tia sahihi juu ya gundi. Alinifundisha kupima kila kitu mara mbili, mara ya pili ukianzia upande mwingine. Na alinifundisha kwenda matangani. Mtu akiuawa, alisema, usikae ofisini ukingoje simu. Nenda msibani, kaa karibu na wanaopika, kula wanachokupa, utazame nani analia sana na nani ameshughulika mno na kuni.

Kazi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa mlimani Sagalla. Mtu alichomwa kisu kwenye foleni ya maji, na watu arobaini waliokuwa na mitungi wote wakasema walikuwa wanatazama mitungi yao. Nilipanda mlima ule wiki tatu. Mwishowe nyanya mmoja alinitajia jina bila kusitasita. Nilipomuuliza mbona hakusema siku ya kwanza, akajibu, "Siku ya kwanza ulipita hapa hukunisalimia." Tangu hapo nasalimia hata mbuzi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Kombo, Mungu amrehemu, hakunifundisha, kwa sababu hakudhani mwanafunzi wake angelihitaji.

Mke wangu Wakesho ni mwalimu huko Sagalla. Nyumba yetu iko juu kule, na kwa miaka mingi nilipanga chumba Voi kwa sababu ya kazi, nikipanda nyumbani Jumapili. Mtu mwenye makao mawili, na kazi isiyo na saa, ana nafasi kubwa ya kuwa mjinga. Nilikuwa na wanawake wawili wa siri. Naandika hivyo bila kupamba. Wakesho amezisoma kurasa hizi kabla yenu. Alisahihisha herufi mahali pawili, akaziweka mezani, akaenda kukaa kwa dada yake Mwatate wiki mbili. Amerudi, lakini hatujayamaliza.

Wa kwanza alikuwa Rehema, mjane mwenye asili ya Mombasa, muuguzi katika zahanati moja ya Njukini, upande wa Taveta. Kesi za wizi wa ng'ombe zilinipeleka huko mara kwa mara, na nilipokosa kesi niliitafuta. Wa pili alikuwa Mghoi, fundi cherehani mwenye duka dogo karibu na soko la Voi. Mghoi alikuwa ametengana na mumewe, Dismas, dalali wa mawe ya vito aliyekuwa akichimba na kuuza huko Kishushe na mwenzake mmoja, lakini mahari haikuwa imerudishwa na kwa ukoo alikuwa bado mke wa mtu. Hawa wawili hawakujuana. Kila mmoja alijua kuhusu Wakesho, na kila mmoja alidhani hakuna mwingine zaidi ya Wakesho.

Kwa Mghoi sikuwahi kupiga simu, maana nilijua jinsi rekodi za simu zinavyosema hata mwenyewe akinyamaza. Nilipotaka kumwona nilimpelekea shati lililokatika kifungo. Kifungo nilikuwa nakikata mwenyewe kwa wembe. Majirani wa soko walinihurumia kwa mashati yangu mabovu, na mmoja aliwahi kuniambia nimwambie mke wangu anitazame vizuri. Mghoi alikuwa na utaratibu wake: kila nguo ya mteja aliipachika kikaratasi chenye jina kwa pini. Langu tu ndilo lililotundikwa bila jina.

Mghoi alikuwa Msabato wa kuzaliwa. Jumamosi duka lake lilifungwa, na mtaa mzima ulijua yuko kanisani. Kanisani walikuwa wameanza kuzoea kutomwona. Jumamosi hiyo ninayotaka kuwaeleza, niliandika kwenye kitabu cha matukio kwamba naelekea Njukini kufuatilia ng'ombe walioibwa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana nilikuwa chumba cha nyuma cha duka la Mghoi, mlango umefungwa, tukila viazi vitamu na kucheka kwa sauti ya chini. Saa tisa simu yangu ililia. Kuna mtu ameuawa ng'ambo ya reli.

Nilipoingia nilimkuta Dismas amelala kifudifudi sakafuni katika chumba alichokuwa amepanga, na nyundo ya kupasulia mawe iko kando yake. Daktari alisema alikufa kati ya saa tano na saa saba. Nilivaa glavu haraka kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado inanukia sabuni ya mke wake. Nilipima chumba kile mara mbili kama nilivyofundishwa, na vipimo havikulingana.

Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa maneno machache. Alisimama mlangoni akasema, "Mwadime, hii chukua wewe. Koplo Naliaka atakusaidia." Naliaka alikuwa mgeni kwetu, msichana wa Bungoma, miezi minne tangu aletwe Voi, na tayari alikuwa anaandika haraka kuliko sote. Vijana, ilikuwa hapo. Ningeweza kusema, mkubwa, mpe mtu mwingine, mimi namjua mjane. Sentensi moja tu, na hata sababu wasingeiuliza mbele ya maiti. Nilisema, "Sawa, mkubwa."

Mazishi yalikuwa Kishushe, Jumanne. Njia ya huko mnaijua, gari letu lilitoa kila sauti isipokuwa ya gari. Nilikaa karibu na wanaopika na Naliaka akakaa na akina mama. Baada ya kaburi kufukiwa na mchungaji kuondoka, baba mdogo wa marehemu, mzee Mwakio, alitoa kibuyu cha maji. Nikajua kinachokuja. Naliaka hakujua.

Kwetu Utaita wazee walikuwa na desturi inayoitwa kutasa. Mtu anapiga funda la maji, au la maji ya miwa, analipuliza chini, kisha anasema kwa sauti kwamba hana hasira na mwenzake, na anamtakia mema. Kila pulizo ni kutoa kinyongo moyoni. Makanisa yameifanya desturi hii ipungue, lakini kwa wengi haijaisha, na hasa mtu akifa vibaya. Jambo moja kila mtoto wa milimani analijua: haifanywi kwa uongo. Mwenye kutasa akiwa ameficha kinyongo au ubaya, madhara hayamrudii yeye. Yanakwenda kwa mtoto.

Kibuyu kilipita kwa ndugu mmoja mmoja, kikafika kwa Mghoi. Alikishika muda mrefu. Kisha akampa aliyefuata bila kunywa.

"Mghoi," mzee Mwakio akasema, "mbona umepitisha?"

"Baba, mimi nina hasira na yeye," akajibu. "Alinipiga, alinifukuza, akauza hata cherehani yangu ya kwanza. Hasira haijaisha. Siwezi kudanganya na maji."

Dada wa marehemu akapiga kelele. "Mmeona? Mmesikia wenyewe? Anataka mwingine aje aseme nini tena?" Watu wakaanza kusogea mbali naye, polepole, kila mtu akijifanya anatafuta kivuli.

Mimi nilijua maana ya kile alichofanya. Muuaji angekunywa kibuyu kizima. Aliyekataa ni mtu anayeogopa uongo, na ambaye ana mtoto wa miaka saba huko kwa mama yake. Lakini Naliaka, ambaye kwao hakuna kitu hicho, aliniinamia sikioni. "Afande, huyu mama amekataa maji ya msiba mbele ya watu wote. Si hiyo ni kitu?"

Kueleza kungechukua dakika mbili. Lakini ningeeleza kwa sauti gani, mimi niliyemjua mwanamke yule mpaka anavyolala? Niliona nikifungua kinywa tu, kila kitu kitamwagika. Nikasema, "Inaweza kuwa kitu."

Kisha mzee Mwakio akanigeukia. "Na wewe ni mtu wa kwetu, Mwadime. Umekuja kututafutia ukweli. Tasa nasi." Akanikabidhi kibuyu. Macho yote yakawa kwangu, ya Mghoi yakiwemo. Nilipiga funda. Maji yalikuwa vuguvugu na yana ladha ya moshi. Nikayapuliza chini, nikasema kwa Kidawida chetu kilichonyooka kwamba moyo wangu ni mweupe kwa marehemu na kwa nyumba yake. Watu wakaitikia. Niliona Mghoi akifumba macho.

Mimi ni Mkristo, nimebatizwa na nimefunga ndoa kanisani, na njia nzima ya kurudi nilijiambia hayo ni mambo ya kale. Nilijiambia mara nyingi sana kwa mtu asiyeamini.

Kesho yake Naliaka alifanya kazi nzuri, ile niliyopaswa kuifanya mimi. Mghoi alikuwa ameandikisha kwamba Jumamosi alikuwa kanisani. Naliaka alikwenda kanisani, akauliza wazee watatu, na wote walisema hawakumwona. Akauliza majirani wa soko, nao wakasema kuna mwanamume anayekuja duka likiwa limefungwa, lakini anapita njia ya nyuma na sura hawakuiona. Alasiri tulimkamata Mghoi. Hakimu alitupa siku kumi za kumshikilia tukimalizia upelelezi. Mkuu akaniita. "Huyo hawara ndiye ameshika nyundo, ama alijua. Nitafutie huyo mwanamume." Nikatoka na amri ya kujitafuta.

Tulipekua duka. Nilijipa kazi ya kupekua makabati ili Naliaka asiguse mashati, na bila shaka akaenda moja kwa moja kwenye mashati. Alipitia kikaratasi baada ya kikaratasi, akisoma majina. Kisha akashusha shati moja.

"Afande. Hii shati haina jina."

"Labda limeanguka."

"Hapana, hata tundu ya pini haina. Nguo zote ziko na jina, hii moja tu haina." Aliligeuza, akaangalia mahali kifungo kilipokuwa. "Na kifungo imekatwa. Haikutoka yenyewe, uzi umekatwa na kitu kali." Akachukua tepu akapima kola, kisha akanitazama shingoni, akacheka. "Size yako kabisa, afande. Ungejinunulia."

Nami nikacheka. Kicheko kile nakisikia hadi leo. Alilitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika tarehe, akatia sahihi juu ya gundi, akanipa nilifungie kabatini kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha. Usiku ule na kila usiku uliofuata nilijua kwamba jasho la shingo yangu liko ndani ya bahasha ile, na kwamba ufunguo ni wangu, na kwamba nikiligusa tu nimekwisha kuwa mhalifu kamili.

Siku ya tatu ya kumshikilia tuliandika maelezo ya Mghoi. Naliaka aliuliza, nami nikaketi kando na daftari nisiloandika.

"Kanisani hukuwa. Ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu."

"Na nani?"

Mghoi akaangalia meza. "Na mtu."

"Jina yake?"

"Yeye ana mdomo. Atasema mwenyewe."

Naliaka alitoka kwenda kutafuta fomu, na kwa dakika mbili tukabaki wawili. Alikuwa amevaa ile leso ya kijani niliyomnunulia. Midomo ilikuwa imepasuka kwa vumbi la seli.

"Utasema lini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nipe siku mbili."

"Za nini?"

"Nijipange. Nyumbani, kazini. Nitaanzia wapi, Mghoi?"

"Anzia hapa. Mimi sitakutaja, Mwadime. Si kwa ajili ya kukuficha. Nikikutaja mimi, watasema mwanamke anajiokoa, ameshika jina la polisi. Ukisema wewe, wataamini. Lazima iwe wewe." Hatua za Naliaka zikasikika. Mghoi akarudisha macho mezani.

Nawaambia kweli, nilitoka pale nimeazimia. Nilikuwa nikihesabu maneno ya kumwambia mkuu. Kisha Rehema akapiga simu.

Kesi ya ng'ombe wa Njukini haikuwa uongo mtupu. Kulikuwa na mchunga ng'ombe aliyejeruhiwa, akatibiwa zahanati ya Rehema, na fomu yake ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, ilikuwa haijajazwa. Mkuu alimtuma Naliaka Njukini ailete, na kwa sababu nilikuwa nimeandika kwamba Jumamosi nilikwenda huko, Naliaka, kwa utaratibu wake, aliuliza.

"Alikuja binti mmoja wa ofisini kwenu," Rehema aliniambia, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya jema. "Akaniuliza kama ulifika Jumamosi. Nikajua mkeo keshaanza kukuchunguza kwa mikono ya watu. Mwenzio nikakusitiri. Nimemwambia ulifika hapa saa nne, ukaondoka saa saba. Akaniomba niandike, nikaandika na sahihi nikatia. Usiwe na wasiwasi."

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. "Rehema, umeandika?"

"Nimeandika. Kwani vibaya?"

Sikumwambia kwamba mwanamke mwingine anahitaji niwe mahali pengine saa hizo hizo ili aokoke. Ningemwambiaje? Rehema alikuwa ameniwekea ukuta kwa mapenzi yake, na nyuma ya ukuta ule nilikuwa salama kabisa. Mghoi angenitaja hata mara mia, faili lingesema ni mwongo: kitabu cha matukio kinasema Njukini, na muuguzi mwenye heshima zake anasema Njukini, kwa sahihi. Nikisema mimi, nitakuwa nimeghushi kitabu, nimeharibu kesi, na Rehema amedanganya kwenye maelezo ya mauaji bila kujua. Kila siku niliyonyamaza ilimwongeza mtu wa kuumia nikisema. Na hofu yangu, ambayo mwanzoni ilikuwa na aibu, sasa ilipata sababu nzuri za kujitetea.

Jumapili nilipanda Sagalla nikakuta Chao, binti yetu wa mwisho, ana homa. Alikuwa na miaka tisa. Panadoli ilishusha homa kidogo, ikapanda tena. Usiku akaanza kutoka damu puani, matone mazito kwenye mto. Wakesho alimshika kichwa, nami nikashika beseni.

"Baba Chao," Wakesho akasema bila kunitazama, "kuna mtu umemkosea?"

Ni swali la kawaida kwetu. Mtoto akiugua, wazazi wanatazamana na kuulizana nani ana kinyongo. Mama yangu aliuliza hivyo, na mama yake pia. Nilijibu kwamba mtoto ana malaria. Kweli ilikuwa malaria, zahanati ilithibitisha, na siku ya nne akapona. Lakini nilikaa kitandani pake usiku kucha nikisikiliza pumzi, na kila ilipochelewa nilionja yale maji yenye moshi. Nimeingia nyumba zenye watu wenye silaha. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kitanda kile.

Mnaweza kudhani kwamba usiku ule ulinitosha. Nilirudi Voi Jumatatu, nikaketi mezani, nikaandika ripoti ya ng'ombe. Siku ya sita, ya saba, ya nane. Kila asubuhi nilipita mbele ya seli za wanawake kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika ofisini. Mwanzoni Mghoi alikuwa anasimama akisikia hatua zangu. Siku ya nane hakusimama. Naliaka alikuwa amemaliza faili. Kesho kutwa Mghoi angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji, na mtoto wake wa miaka saba alikuwa tayari anaitwa mtoto wa muuaji huko shuleni, mama yake Mghoi alikuja kutuambia akilia pale kaunta.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, nilitoka mezani nikaenda kwa mkuu. Nilikuwa nimevaa koti. Ndani ya mfuko nilikuwa na karatasi niliyoiandika kwa mkono, jina langu juu. Nilifika mlangoni. Nilisikia akiongea na simu ndani. Niliweka mkono kwenye kitasa, na kitasa kilikuwa baridi, na nikasimama hivyo. Sijui kwa muda gani.

"Afande!" Naliaka alikuwa anakuja mbio kwenye korido, simu mkononi. "Afande, wamempata! Taveta! Yule partner wake wa shimoni. Ameshikwa akijaribu kuvuka mpaka na mawe ya Dismas, na simu ya Dismas iko na yeye, ameikubali yote, ati walikosana kwa mawe!"

Niliondoa mkono kwenye kitasa. Mkuu alifungua mlango mwenyewe kwa kusikia kelele, akatukuta tumesimama, akatupa mkono sote wawili. "Kazi nzuri, Mwadime." Karatasi nikaichana chooni, vipande vidogo, nikavuta maji mara mbili.

Mghoi aliachiliwa jioni ile. Wiki iliyofuata Naliaka aliingia ofisini kwangu akasema anasafisha vielelezo visivyohitajika. Nikafungua kabati. Alichukua ile bahasha ya kaki, akaipima kwa mkono, akaiweka mezani mbele yangu. "Hii haijapata mwenyewe, afande. Nimeandika haina uhusiano na kesi." Kisha akaongeza, akiangalia dirishani, "Siku ile Kishushe, ungeniambia tu ile maji ni ya nini. Nilikuja kuuliza watu baadaye." Akatoka. Hatujalizungumza tena hadi leo, na yeye ndiye aliyeniomba niandike.

Rehema nilimweleza yote ana kwa ana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua glavu zake, akaniambia, "Umenifanya nimfunge mwanamke mwenzangu kamba shingoni, na mimi nadhani nakupenda." Aliomba uhamisho. Maelezo yake yenye sahihi bado yamo kwenye faili, na ni ya uongo, na kosa ni langu. Naliaka, sasa unalo hapa kwa maandishi yangu. Fanya linalokupasa.

Kwa Mghoi nilikwenda baada ya wiki tatu. Nilipita mlango wa mbele, mchana, watu wakiniona. Alikuwa anashona sare ya shule. Hakusimamisha cherehani.

"Nilikuwa nakwenda kusema," nikamwambia. "Siku ile. Nilikuwa nimefika mlangoni kwa mkuu. Nilikuwa nimeandika karatasi."

Mguu wake ukasimama. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Kabla hujasikia ameshikwa?"

"Kabla."

"Iko wapi hiyo karatasi?"

"Niliichana."

"Mkono ulikuwa kwa mlango. Ungefungua?"

"Ningefungua, Mghoi. Haki ya Mungu."

Alitoa pini mdomoni, akaipachika kwenye kola ya sare, taratibu.

"Una shahidi?"

Miaka yote ile ya kazi nimewauliza watu swali hilo, na nimewaona wakitazama huku na huku kama kwamba shahidi anaweza kuwa amesimama nyuma ya kiti. Na mimi nikajikuta nimegeuka.

"Sina," nikasema.

"Mimi shahidi nilikuwa naye," akasema Mghoi, akarudisha mguu kwenye cherehani.